Kusoma Japani na Kuelewa Utamaduni Wake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa vijana wa Tanzania, Kenya na majirani zetu wanaofikiria kwenda kusoma Japani, hasa wale wanaotaka kurudi na kitu zaidi ya cheti. Maswali ni yale ninayoulizwa kila msimu wa maombi unapofika. Mengine yanajibika kwa mistari miwili. Mengine nimeyaeleza kwa kirefu, kwa sababu ndiyo yanayowaumiza watu wakishafika.

Kwa nini Japani, wakati Uingereza au India lugha tunaielewa?

Ukienda mahali ambapo lugha unaielewa tayari, unaweza kukaa miaka mitatu bila kugundua kwamba watu hukuwaelewa. Japani haikupi nafasi hiyo. Siku ya kwanza tu husomi kibao, hujui kitufe gani kinapasha maji ya kuoga, hujui kwa nini mtu amenyamaza baada ya swali lako. Unalazimika kutazama, na kutazama ndiko kunakofundisha.

Halafu wenzetu walishatutangulia katika safari hii. Tangu mwaka 1965 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto wamekuwa wakiwafuatilia sokwe wa Milima ya Mahale mkoani Kigoma. Kazi hiyo iliyoanzishwa na Toshisada Nishida ilichangia Mahale kutangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Ili kuifanya walijifunza Kiswahili wakaishi vijijini na Watongwe, wenyeji wa eneo hilo, na wengine wao, kama Makoto Kakeya, wakaandika juu ya maisha ya Watongwe wenyewe. Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili kama somo kuu la shahada. Sisi upande wetu tunayajua magari yao hadi sauti ya injini, lakini watu wanaoyatengeneza hatuwajui kwa kiasi hicho. Hapo pana deni la kulipa.

Lazima nijue Kijapani kabla ya kuondoka?

Ili ukubaliwe chuoni, si lazima. Programu nyingi za uzamili na uzamivu, na baadhi za shahada ya kwanza, hufundishwa kwa Kiingereza. Anayepata ufadhili wa serikali ya Japani kwa shahada ya kwanza kwa kawaida hupitia kwanza mwaka mmoja wa maandalizi ya lugha.

Ili uwaelewe watu, ni lazima, wala sioni njia ya mkato. Kinachotia moyo ni kwamba mzungumzaji wa Kiswahili anaanza akiwa mbele ya wengi. Irabu zao ni tano kama zetu, a, e, i, o, u, na silabi nyingi huishia kwenye irabu. *Sakana* (samaki) na *tamago* (yai) unayasoma kama yalivyoandikwa, na walimu wa lugha watayasifu matamshi yako kabla hujajua sentensi kumi. Angalia tu urefu wa irabu: *obasan* ni shangazi, *obaasan* ni bibi, na mama wa makamo hatafurahi ukimwita bibi.

Kazi ngumu iko kwenye maandishi. Hiragana na katakana, herufi 46 za msingi kila moja, zimalize kabla ya kupanda ndege. Hilo linawezekana ndani ya wiki chache. Kanji za matumizi ya kawaida ni 2,136, na hizo utaishi nazo miaka. NHK, shirika la utangazaji la Japani, lina matangazo ya redio ya Kiswahili kupitia NHK World Japan, na hutoa masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili bila malipo. Anzia hapo. Mtihani wa lugha unaotambulika ni JLPT, wenye ngazi kuanzia N5, iliyo ya chini, hadi N1. Ukitaka kufanya kazi kwenye kampuni ya Kijapani baadaye, wengi watakudai angalau N2.

Nikichagua programu ya Kiingereza nitakosa nini?

Utakosa Wajapani. Nasema hivi nikijua programu hizo zimewasaidia wengi, na kwa mhandisi au mtabibu ndizo zinazofaa. Lakini darasa la Kiingereza mara nyingi hujaa wageni, hosteli ni ya wageni, marafiki ni wageni, na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa inakusaidia kila jambo. Miaka miwili inapita mtu akijua vyakula vya Nepal na Vietnam kuliko vya Kijapani. Si hasara, ila sicho alichokifuata. Ukiwa kwenye programu ya namna hiyo, chukua masomo ya lugha hata kama hayahesabiwi kwenye alama zako.

Niende Tokyo au mji mdogo?

Mji mdogo, kama una hiari. Tokyo ina kila kitu: misikiti, makanisa ya Kiingereza, saluni za Kiafrika, jamii ya Watanzania na Wakenya, balozi zetu. Kwa sababu hiyo hiyo unaweza kuishi humo bila kumhitaji jirani. Beppu, mji wa chemchemi za maji moto kule kisiwani Kyushu, una Chuo Kikuu cha Ritsumeikan Asia Pacific kilichofunguliwa mwaka 2000, ambacho karibu nusu ya wanafunzi wake ni wageni na masomo yake ni kwa lugha mbili. Wazee wa mji wamezoea kuongea na wanafunzi ndani ya basi. Akita kaskazini kuna theluji nyingi na chuo cha kimataifa kilichoanzishwa mwaka 2004. Osaka ni jiji kubwa, lakini watu wake ni wachangamfu na wapenda utani, na huko kuna wanafunzi wa Kiswahili watakaofurahi kubadilishana nawe saa moja ya Kiswahili kwa saa moja ya Kijapani.

Fedha je?

Ada ya kawaida ya vyuo vikuu vya taifa imekuwa yen 535,800 kwa mwaka, pamoja na ada ya kuingilia yen 282,000 inayolipwa mara moja. Vyuo vichache vimepandisha. Chuo Kikuu cha Tokyo kilifika yen 642,960 kuanzia mwaka 2025. Vyuo binafsi ni ghali zaidi. Vyuo vingi husamehe nusu au ada yote kwa mwanafunzi mwenye maombi yenye sababu.

Ufadhili unaojulikana zaidi ni wa Wizara ya Elimu ya Japani, MEXT, ulioanza mwaka 1954. Unalipa ada, nauli na posho ambayo imekuwa yen 117,000 kwa mwezi kwa shahada ya kwanza na takriban 144,000 kwa uzamili. Maombi kupitia ubalozi kwa kawaida hutangazwa karibu na mwezi wa Aprili. Mwingine ni ABE Initiative wa JICA, shirika la misaada la serikali ya Japani, uliotangazwa kwenye TICAD, mkutano wa Japani na nchi za Afrika, huko Yokohama mwaka 2013: unasoma uzamili kisha unafanya mafunzo ya kazi ndani ya kampuni ya Kijapani. Kwa anayetaka kuelewa jinsi Wajapani wanavyofanya kazi pamoja, huo wa pili una thamani ya pekee.

Ni kweli Wajapani husema "ndiyo" wakimaanisha "hapana"?

Mgeni anayesema hivyo mara nyingi amesikia *hai*. Mjapani anayekusikiliza huinamisha kichwa kama anayeitikia na kusema *hai, hai* kila baada ya maneno machache. Anakujulisha kwamba anakufuata, kama sisi tunavyoitikia "enhe" wakati mtu anasimulia. Hajakubali kitu bado.

Kukataa kwenyewe kupo, ila kumevaa nguo nyingine. Anavuta pumzi kupitia kwenye meno. Anasema "itakuwa vigumu kidogo", au anaanza sentensi kisha anaiacha ikining'inia. Anasema atalifikiria. Hayo yote ni hapana, na Mjapani mwingine aliyeko chumbani ameshaelewa na ameshahamia ajenda inayofuata.

Sisi tusijifanye hatujui mambo haya. Tuna "tutaangalia", tuna "njoo kesho", na Pwani tuna "inshallah" inayotamkwa kwa sauti ambayo mwenyeji anaielewa na mgeni haielewi kabisa. Tofauti inaanza baadaye. Kwetu, anayerudi kesho na keshokutwa huonekana ana nia, na mara nyingi hufanikiwa. Japani, kurudia ombi lililokwisha kukataliwa kwa upole ni kumlazimisha mwenzako atamke hapana waziwazi, jambo ambalo alikuwa akijitahidi kuwaepusha nalo wote wawili. Wanafunzi wetu wengi wazuri wameonekana wasumbufu kwa sababu hii moja, wakati kwa mila zetu walikuwa wakionyesha bidii.

Mbona maabara nzima hawaongei nami? Asubuhi ni neno moja tu.

Asubuhi utasalimiwa *ohayō gozaimasu* na kichwa kitainamishwa kidogo. Hakuna atakayekuuliza umeamkaje, nyumbani hawajambo, mama anaendeleaje. Kwa mtu aliyelelewa kwenye salamu ndefu, ukimya huo unauma, na miezi ya mwanzo ndiyo inayouma zaidi. Nimewaona watu wakilia kwa sababu hiyo tu.

Kumuuliza mtu habari za familia yake bila yeye kuanza, kwao, ni kuingia chumbani bila hodi. Anakuachia nafasi yako na anatarajia umwachie yake. Ukimya ule ni adabu, na adabu hiyo ina milango yake ya kuingilia. Nitataja mitatu.

Wa kwanza ni salamu zenyewe, zitimize bila kukosa. Ukiingia, sema kwa sauti inayosikika. Ukitoka kabla ya wengine, sema *osaki ni shitsurei shimasu*, yaani samahani natangulia. Anayeondoka kimya huonekana hajali wanaobaki kazini.

Wa pili ni zawadi ndogo. Mtu akisafiri, hata kwenda mkoa wa jirani, hurudi na vitafunio vilivyofungwa kimoja kimoja na kumwekea kila mtu mezani kwake. Ukitoka nyumbani beba korosho, chai, au kahawa. Kahawa ya Tanzania inauzwa Japani kwa jina la Kilimanjaro na karibu kila mtu analijua. Ukisema mlima huo uko kwenu, mazungumzo yameanza, na safari hii wao ndio watakaouliza.

Wa tatu ni karamu za jioni. Mwezi wa Aprili kuna ya kuwakaribisha wapya, Machi kuna ya kuwaaga wanaoondoka, na katikati zipo nyingine. Yule aliyekuwa kimya tangu asubuhi ataongea saa mbili mfululizo. Huhitaji kunywa pombe, agiza chai ya oolong na hakuna atakayekushangaa. Usinywe kabla glasi hazijagonganishwa pamoja, mmiminie mwenzako kabla hajaomba, naye atakumiminia wewe. Kutokwenda kabisa ndiko kunakokutenga.

Kuna jambo jingine gumu kwa watu tuliolelewa na shikamoo. Katika chuo, mkubwa wako anaweza kuwa kijana uliyemzidi miaka minane, kwa kuwa aliingia maabara kabla yako. Anaitwa *senpai*, na ndiye atakayekuonyesha mashine, fomu na desturi. Umri nao unaheshimiwa, lakini anayejua kazi ya mahali pale ni yeye. Mwite kwa jina la ukoo na *-san*, muulize kwa unyenyekevu, na utaona jinsi anavyojibebesha wajibu wa kukuangalia. Akifeli mdogo wake, aibu ni ya wote wawili.

Profesa haniulizi kitu. Je, nisubiri hadi kazi ikamilike?

Usisubiri. Profesa wa Kijapani anatarajia taarifa fupi za mara kwa mara: umefika wapi, umekwama wapi, unapanga nini. Wengi wetu tumezoea kumpelekea mwalimu kazi iliyokamilika na kuficha penye tatizo hadi tulitatue. Pale, kuripoti mapema kwamba jaribio limeshindikana ni uaminifu, na kunyamaza wiki tatu ni kosa kubwa kuliko kushindwa kwenyewe.

Nimekaa muda mrefu na hakuna aliyenikaribisha nyumbani kwake. Hawanipendi?

Nyumba za mijini ni ndogo, na mwenyeji anayekaribisha mgeni anajiona ana deni la kuandaa kila kitu vizuri. Ndiyo maana watakualika mgahawani, na mara nyingi kila mtu atalipa chake. Chakula cha mchana kila mmoja atafungua chake bila kusema "karibu". Usihesabu huo kuwa uchoyo. Ukialikwa nyumbani siku moja, fahamu kwamba ni heshima kubwa: fika kwa saa iliyotajwa, beba kitu kidogo kilichofungwa vizuri, vua viatu mlangoni ncha zikielekea nje, na usikanyage mkeka wa tatami kwa ndara za ndani.

Na ukipanda mlima siku ya mapumziko utashangaa: watu wale wale waliokaa kimya kwenye lifti watakusalimia *konnichiwa* mmoja baada ya mwingine njia nzima.

Makosa gani yanawaudhi majirani zaidi?

Takataka na kelele, kwa mpangilio huo. Manispaa itakupa kalenda: siku ya taka za kuungua, siku ya chupa za plastiki, siku ya makopo, siku ya karatasi. Mfuko unatolewa asubuhi ya siku yake, unafunikwa wavu ili kunguru wasiupasue. Ukikosea, mfuko utaachwa pale pale ukiwa na kibandiko, na mtaa mzima unajua ni wa nani. Kuta za nyumba za kupanga ni nyembamba, kwa hiyo simu ya kwenda nyumbani, ambako saa ziko nyuma kwa sita, isipigwe kwa sauti ya juu usiku wa manane.

Ndani ya treni simu haipigwi wala haipokewi, na mlio unazimwa. Mezani usisimamishe vijiti wima kwenye wali, wala usimpokeze mwenzako chakula kijiti kwa kijiti, kwa kuwa yote mawili ni mambo ya msibani. Mhudumu haachiwi bahashishi. Atakukimbilia akurudishie chenji yako.

Orodha hii ni ndefu na vitabu vya mwongozo vimejaa nayo. Ningependa uione kwa jicho moja tu: karibu kila sheria inazuia mtu mmoja asiwe mzigo kwa wengine ambao hawawezi kumkwepa. Ukilishika hilo, utaweza kukisia sheria ambayo hakuna aliyekufundisha. Na utaanza kuona gharama zake pia, maana watu wanaoogopa kuwasumbua wenzao huvumilia maumivu, madeni na upweke bila kumwambia mtu. Ujue kwamba mwenzako wa Kijapani aliyepotea maabara wiki nzima huenda anahitaji ujumbe wako, ingawa hatauomba.

Mkono wa kushoto ni tatizo?

Hapana. Bakuli la wali huinuliwa kwa mkono wa kushoto na vijiti hushikwa kwa wa kulia. Kitu cha heshima, kama kadi ya jina au zawadi, hutolewa na kupokelewa kwa mikono miwili.

Mimi ni Mwislamu. Nitaweza kuswali na kula?

Utaweza, kwa kujipanga. Tokyo kuna msikiti wa Tokyo Camii, ambao jengo lake la sasa lilifunguliwa mwaka 2000. Wa Kobe ni wa mwaka 1935. Miji mingi ya vyuo sasa ina msikiti au chumba cha kuswalia, na kantini za vyuo kadhaa huandaa chakula cha halali.

Hatari iko kwenye viungo visivyoonekana: *mirin* na *sake*, ambazo ni pombe za mchele, hutiwa kwenye michuzi, mafuta ya nguruwe kwenye mkate na tambi, jelatini kwenye peremende. Jifunze kuzisoma kanji za nguruwe (豚) na pombe (酒) kabla ya nyingine zote. Samaki, wali, mayai na mboga vipo tele, na wengi hupika wenyewe.

Kuhusu swala, mweleze profesa mapema na mpe nyakati kwa maandishi. Ombi lenye ratiba hupokewa vizuri, kutoweka ghafla katikati ya kazi hakupokewi. Na kutawadha: kunyanyua miguu kwenye sinki la choo cha wote huwaudhi sana na hulowesha sakafu. Tumia chupa, au tawadha hosteli.

Na Wakristo?

Ni takriban asilimia moja tu ya watu. Tokyo, kanisa Katoliki la Mtakatifu Ignasi huko Yotsuya lina misa ya Kiingereza. Miji midogo itakubidi usali kwa Kijapani. Tarehe 25 Desemba ni siku ya kazi, huenda ukawa na mtihani. Sikukuu ya kurudi kwa wazazi ni Mwaka Mpya.

Nitabaguliwa kwa sababu ya rangi?

Utakutana na ubaguzi, na sitaki mtu aondoke akiambiwa vinginevyo. Kiti cha pembeni yako kwenye treni kitabaki wazi huku watu wamesimama. Polisi anaweza kukusimamisha aone kadi yako ya ukaazi, ambayo kisheria lazima uwe nayo kila unapotoka. Utauliza kwa Kijapani na utajibiwa kwa ishara za mikono. Nyumba ndiyo ngumu zaidi: katika uchunguzi wa Wizara ya Sheria uliotolewa mwaka 2017, takriban wageni wanne kati ya kumi waliotafuta nyumba walisema walikataliwa kwa kuwa si Wajapani. Anza na hosteli ya chuo, au omba chuo kiwe mdhamini wako.

Ubaguzi huu kwa sehemu kubwa hauna matusi. Ni mtu kukuogopa, kukukwepa, au kukudhani hutaelewa. Hilo haliupunguzii uzito. La kila siku huchosha kuliko la mara moja. Vyuo vina kitengo cha ushauri, na kwenda huko si udhaifu. Nami nimeona pia upande wa pili: bibi wa duka la mboga anayemwekea mwanafunzi wetu mafungu ya spinachi kila Ijumaa, mwenye nyumba aliyekuja na koti la manyoya siku theluji ilipoanza. Yote mawili ni Japani. Anayerudi akisimulia moja tu hajasema ukweli wote.

Nywele: nje ya miji mikubwa vinyozi wengi hawajui kuzishika. Beba mashine yako (umeme wao ni volti 100) au mafuta na nywele za kutosha miezi sita.

Kazi za muda zinaruhusiwa?

Ndiyo, ukiomba kibali: saa 28 kwa wiki wakati wa masomo, hadi saa nane kwa siku wakati wa likizo ndefu. Kuzidisha kunahatarisha ukaazi wako. Ukiweza, fanya kwenye duka la saa 24 au mgahawa, mahali pa kuongea na wateja. Lugha ya heshima ambayo darasani inachosha, pale utaitamka mamia ya mara kwa siku hadi ikukae mdomoni.

Matetemeko ya ardhi?

Yapo. Simu italia kwa sauti kali sekunde chache kabla: ingia chini ya meza, usikimbilie nje. Hudhuria mazoezi ya chuo, jua mahali pa kukimbilia mtaani kwako. Polisi ni 110, zimamoto na gari la wagonjwa ni 119.

Nikifiwa nyumbani?

Mwambie profesa siku hiyo hiyo, watakuruhusu. Ukiwa uwanja wa ndege, kwenye fomu ya kuondoka, weka alama kwenye kisanduku cha kurudi ndani ya mwaka mmoja, la sivyo utapoteza hadhi yako ya ukaazi. Usipoweza kusafiri, waambie wenzako kinachoendelea. Hawatakuja kukaa matanga, hawana desturi hiyo kwa mwenzao wa chuoni, lakini watakubebea kazi zako bila kuambiwa.

Nifanye nini nisibaki mtalii miaka miwili?

Jiunge na kundi lenye wajibu. Klabu ya chuo ya ngoma, kendo (mchezo wa upanga), kupanda milima au kwaya: mahali ambapo usipofika watu wanakungoja, ambapo wapya hubeba vifaa na kufagia, ambapo kuna mkutano wa kujadili kilichokwenda vibaya. Kwenye sherehe za mtaa, omba kubeba *mikoshi*, kihekalu cha miungu kinachobebwa mabegani, pamoja na wanaume na wanawake wa mtaa. Mara nyingi wana upungufu wa vijana na watakupokea. Walimu wa shule za msingi huwaomba wanafunzi wa kigeni waje kueleza nchi zao. Nenda, na kaa ule chakula cha mchana uone watoto wakigawa chakula na kufagia darasa lao wenyewe.

Wanariadha wa Kenya walilijua hili kabla yetu. Douglas Wakiihuri alihamia Japani mwaka 1983 kufundishwa na Kiyoshi Nakamura, na mwaka 1987 akawa bingwa wa dunia wa marathoni. Samuel Wanjiru alifika Sendai mwaka 2002 akiwa na miaka 15, akasoma sekondari ya Sendai Ikuei, na mwaka 2008 huko Beijing akaipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki. Walikwenda kukimbia, lakini waliishi ndani ya timu, kwa ratiba ya timu, na lugha ikawaingia humo.

Kitu cha mwisho katika hili: kila ukikerwa, andika kilichotokea kabla ya kuandika unavyokifikiria. Wiki ijayo muulize senpai mmoja, mkiwa wawili tu. Mbele ya watu atakujibu jibu la kila mtu.

Nianzie wapi? Namna gani ya kumwandikia profesa?

Kwa uzamili na uzamivu, profesa akikukubali mengi yanafuata. Soma makala zake mbili kwanza. Andika barua pepe fupi: mwite Profesa kwa jina la ukoo, jitambulishe, taja ni jambo gani katika makala yake lililokugusa na swali gani unataka kulifanyia kazi, ambatisha wasifu, matokeo na ukurasa mmoja au miwili ya mpango wa utafiti. Usitume barua ile ile kwa maprofesa kumi wa idara moja. Wanakaa ukumbi mmoja na wanaonyeshana. Usianze na ombi la ufadhili.

Mwaka wa masomo huanza Aprili, na programu nyingi za wageni huanza Septemba au Oktoba, hivyo andika karibu mwaka mzima kabla. Akijibu kwamba maabara imejaa kwa sasa, mshukuru na umwache. Asipojibu kabisa, subiri wiki mbili au tatu, mkumbushe mara moja kwa upole, kisha mwandikie mwingine wa chuo kingine.